Kila ukurasa utembee na kadi yake

"Habari hii ni ya lini?"

Hilo ndilo swali tunalolipata kuliko yote kwenye namba ya WhatsApp ya redio yetu. Linatoka Butembo, Beni, Oicha, Mangina, na pia kwa ndugu zetu waliofika mbali, Bunia au ng'ambo ya mpaka kule Uganda. Mtu anatuma kiungo cha ukurasa wetu wa intaneti, au picha ya ukurasa huo aliyoipiga kwa simu yake, anaandika maneno hayo matano, kisha anangoja. Wengi wao ni wahami. Wanataka kujua kama kijiji chao kimetulia, kama njia inapitika, kama shule imefungua, kama kuna mtu aliyekwenda shamba akarudi salama.

Wapenzi wasikilizaji, leo ninaomba kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho hatukizungumzii hewani: namna ukurasa wa intaneti unavyopangwa, na namna msomaji anavyopita kutoka habari moja kwenda nyingine. Najua wengine watasema hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Lakini hapa kwetu, mpangilio wa ukurasa unaweza kumfanya mtu afunge mizigo na kurudi kijijini siku ambayo hakupaswa kurudi. Nimeliona hilo, na ndiyo sababu naandika.

Mimi si fundi. Nilimaliza shule ya sekondari, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, na humo tulipewa masomo machache ya kutengeneza ukurasa wa intaneti: namna ya kuweka kichwa, aya, picha na kiungo. Mengine nilijifunza kwa kukaa karibu na vijana wanaosoma informatiki hapa Butembo. Kwa hiyo nitaeleza kwa maneno ya mtu wa redio.

Nilipoanza kazi, nilikuta ukurasa wa redio umejengwa kwa fremu. Fikirieni dirisha moja lenye vioo vitatu. Kioo cha juu kilikuwa na jina la redio, alama yake na tarehe. Kioo chembamba cha kushoto kilikuwa na orodha ya sehemu za kusoma. Kioo kikubwa cha kulia kilionyesha habari yenyewe. Ukibonyeza neno la kushoto, ni kioo cha kulia tu kilichobadilika, vile viwili vingine vilibaki palepale. Kwa macho ya msomaji ulikuwa ukurasa mmoja. Kwa kompyuta zilikuwa kurasa nne: moja ya kushika dirisha, na tatu zilizoingizwa ndani yake.

Aliyeujenga hivyo alikuwa na sababu nzuri. Wakati ule watu walisoma intaneti kwenye kompyuta kubwa, katika nyumba za intaneti za mjini, na walilipa kwa dakika. Intaneti ilipita kwenye dishi la satelaiti na ilikwenda polepole. Kwa fremu, orodha ya kushoto na alama ya redio vilishuka mara moja tu. Baada ya hapo, kila habari mpya ilileta maandishi yake peke yake. Aliyelipia dakika kumi aliweza kusoma habari tano badala ya mbili. Tena mwenye ukurasa, akitaka kuongeza neno kwenye orodha, alibadilisha faili moja tu, na badiliko likaonekana kila mahali. Hiyo haikuwa kazi ya mjinga.

Fremu zenyewe hazikuzaliwa kwetu. Zilikuja na Netscape Navigator 2.0, programu ya kufungulia intaneti iliyotoka Marekani mwaka 1996. Programu hiyohiyo ilileta pia JavaScript, lugha ndogo ya maagizo ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mnamo Mei 1995. Maagizo hayo huitwa skripti. Fremu na skripti zikawa kama mapacha: fremu iligawa dirisha, skripti iliambia kioo kimoja kibadilishe kingine. Ulimwengu mzima ulizipenda. Lakini mwezi wa Desemba 1996, mwaka huohuo, Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika makala ya kuzikataa. Sababu yake kubwa ilikuwa rahisi. Intaneti ilijengwa juu ya wazo kwamba kila ukurasa una anwani yake, na ukiwa na anwani unaupata ukurasa uleule. Fremu ilivunja wazo hilo. Msomaji alipita habari ishirini, na anwani iliyoandikwa juu ilibaki ileile ya mlangoni. Mwaka 1997 fremu ziliingizwa katika kanuni rasmi za HTML 4.0. Mwaka 2014, kanuni za HTML5 zilipokamilika, zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati.

Kwa hiyo mjadala wa wataalamu ulikwisha zamani. Lakini kurasa za zamani hazifi siku kanuni inapobadilika. Zinabaki pale, watu wanaendelea kuzisoma, na huku kwetu ziliendelea kufanya kazi mpaka simu ilipofika mikononi mwa kila familia.

Simu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kwanza, kioo chake ni kidogo. Dirisha la vioo vitatu likibanwa humo, orodha inageuka uzi mwembamba usiosomeka na habari inakatika maneno. Lakini hilo ni jambo la macho tu. Jambo zito ni WhatsApp. Mtu wa leo haandiki anwani ya redio. Anasoma kile alichotumiwa na shemeji, na shemeji alitumiwa kwenye kundi la kanisa, na kundi lilitumiwa na mtu wa Goma. Kiungo ndicho kinachotembea.

Sasa, msomaji aliyekuwa ndani ya fremu akitaka kumtumia nduguye habari, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akinakili anwani ya juu, nduguye alifungua mlango wa mbele tu, akakuta habari nyingine kabisa, akasema "sioni kitu." Akijua ujanja wa kubonyeza kwa muda mrefu na kufungua habari peke yake, alituma kioo kimoja tu, kile cha kulia, kimeng'olewa kwenye dirisha. Hakina jina la redio, hakina orodha, hakina tarehe, hakina njia ya kurudi nyumbani. Vijana wetu wanakiita ukurasa yatima.

Ukurasa yatima wa namna hiyo ndio uliofika kwa familia moja ya wahami iliyokuwa inakaa kwa ndugu zao katika komine ya Bulengera, hapa Butembo. Walitoka upande wa Mbau. Ulikuwa msimu wa kakao, na kila mtu wa kwetu anajua kakao iliyoiva haingojei. Usiipovuna wewe, itavunwa na mwingine au itaoza mtini. Kijana wa nyumba hiyo alinipigia simu jioni.

"Yaya, mama anasema mumeandika kama njia ya mashamba imefunguliwa. Kesho asubuyi tunapanda. Ni ya kweli?"

Nilimwomba anitumie alichokisoma. Kilifunguka kichwa cha habari kinachosema wakulima wameanza kurudi mashambani, na chini yake aya nne. Hakikuwa na kitu kingine. Niliitambua habari hiyo kwa jina la kiongozi wa kijiji aliyetajwa humo. Ilikuwa yetu, na ilikuwa ya kweli, ila iliandikwa mwaka uliotangulia. Baada ya hapo watu wa sehemu ile walikuwa wamekimbia tena, na wakati kijana ananipigia, viongozi walikuwa wanawaomba raia wasiende mashamba ya mbali. Nilimwambia mama angoje. Nikawapigia watu watatu wa upande ule, na hakuna aliyeweza kusema njia ni salama. Familia ilibaki.

Sitasema simu ile iliokoa mtu. Sijui nini kingetokea kesho yake. Ninachojua ni kwamba mama mmoja alikuwa anaamua juu ya maisha ya watoto wake kwa maneno ya mwaka mzima uliopita, akiamini ni ya asubuhi ile, na hakuna mtu aliyemdanganya. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, sisi waandishi wa Butembo na Beni tulijifunza sana kupambana na uvumi. Uvumi una mwanya wake: ukiuliza nani kasema, unaanza kuyumba. Habari ya kweli iliyozeeka haiyumbi. Ukiuliza nani kasema, jibu ni redio, na redio kweli ilisema.

Tangu mauaji ya raia yalipoanza kwa wingi Oktoba 2014, hali ya vijiji vya wilaya ya Beni inageuka kwa juma, wakati mwingine kwa siku. Tangu Novemba 30, 2021, jeshi letu na lile la Uganda wanaendesha operesheni ya pamoja, na kila zinapohamia, njia ya usalama inahama nazo. Mwaka 2024, Kanyabayonga ilipochukuliwa mwisho wa Juni, wakaaji wa kusini mwa Lubero walipanda huku, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025, wengine zaidi wakafuata. Katika nchi iliyotulia, habari ya njia iliyoandikwa miezi sita iliyopita bado inasaidia. Hapa inaweza kuwa mtego.

Basi tukaamua kuufumua ukurasa, mimi pamoja na kijana mmoja wa informatiki anayetusaidia siku za Jumamosi. Tulipoanza kuutazama vizuri tukaona kwamba yatima hakuwa tatizo peke yake. Hata dirisha lote likifunguka sawasawa, tarehe ile ya kioo cha juu ilikuwa inawekwa na skripti ndogo inayouliza saa ya kompyuta ya msomaji. Ilikuwa tarehe ya leo, kila siku. Kwa hiyo habari ya mwaka jana ilisomwa chini ya tarehe ya leo, kama vile imetoka sasa hivi. Skripti ya namna hiyo ilikuwa pambo la kurasa nyingi za zamani duniani. Kwenye ukurasa wa duka haina madhara. Kwenye ukurasa wa habari za vita inasema uongo bila mtu kukusudia.

Ndipo nikafikiria kazi yangu ya kila siku. Kwenye redio, mtangazaji hachoki kurudia: unasikiliza redio fulani, ni saa fulani, leo tarehe fulani. Anarudia kwa sababu anajua kuna mtu aliyewasha redio sasa hivi, hakusikia mwanzo. Redio imekuwa hivyo tangu zamani, na katika eneo letu la Maziwa Makuu imebeba familia zilizotawanyika. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake chenye kuunganisha jamaa, na humo yalisomwa majina ya watu wanaotafutana. Msikilizaji alijua nani anasema na ni siku gani. Ukurasa wa intaneti nao una msomaji anayeingia katikati. Anaingia kwa mlango wowote aliotumiwa na shemeji.

Na kuna mfano ulio karibu zaidi. Kwenye barabara ya Beni kwenda Eringeti, ukifika kwenye kizuizi, unashuka kwenye moto na kutoa kadi yako ya uchaguzi. Nchini kwetu kadi hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia. Hausemi "kadi yangu iko nyumbani, kwa baba." Kila mtu anatembea na yake, hata kama familia nzima iko kwenye moto mmoja. Fremu ilifanya kama baba anayeshika kadi za watoto wote. Siku mtoto anatembea peke yake, hana kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza tuliyoiandika kwenye karatasi ilikuwa hii: kila ukurasa utembee na kadi yake. Tuliondoa fremu zote. Juu ya kila habari tukaweka jina la redio, mahali habari inapohusu, tarehe na saa ilipoandikwa, na tarehe ilipopitiwa mara ya mwisho. Hayo yameandikwa kwa mkono ndani ya habari yenyewe, hayatoki kwenye saa ya mtu. Chini ya habari tukaweka viungo vitatu tu: habari mpya ya mahali hapohapo, orodha ya mahali pote, na mlango wa mbele. Mtu akipiga picha ya kioo cha simu na kuituma, kadi inaenda pamoja na picha.

Gharama tuliyoiogopa ilikuwa mega. Orodha inayorudiwa kwenye kila ukurasa ina uzito, na mhami ananunua mega kidogo kidogo. Jibu likawa kufupisha. Tuliondoa alama kubwa ya redio na picha za pembeni. Orodha ya maandishi matupu ni nyepesi kuliko picha moja ndogo. Ukurasa mzima wa sasa, pamoja na orodha yake, unashuka upesi kuliko alama ya redio peke yake ilivyokuwa inashuka. Kile fremu ilichokuwa inaokoa, tumekiokoa kwa njia nyingine.

Kazi ya pili ilikuwa maneno ya orodha. Orodha ya zamani iliandikwa kwa Kifaransa, kama tulivyozoea maofisini, na neno la kwanza lilikuwa "Accueil", yaani mlango wa mbele. Siku moja, mama mmoja mhami aliniuliza kwa nini kila akibonyeza hapo haoni majina. Majina gani? Ya familia zinazopokea watu. Kwetu, wahami wanakaa katika "familles d'accueil", na mashirika yanalitamka neno hilo kila siku. Aliposoma "Accueil" alielewa ni mahali pa kupata nyumba ya kufikia, na akilini mwake alikuwa sawa kabisa. Sasa pameandikwa "Mwanzo". Sehemu iliyoitwa "Sécurité" tumeiita "Usalama wa njia na vijiji". Mwenye kujua Kifaransa hapotezi kitu.

Kazi ya tatu ilikuwa jina la Beni. Tunalo Beni mji, wenye komine za Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Tunayo pia Beni wilaya, yenye makao yake Oicha, inayofika mpaka Eringeti, Kamango na Kasindi. Kwenye orodha ya zamani palikuwa na neno moja tu: Beni. Shambulio likitokea kijiji cha mbali huko Watalinga, aliyeko Kampala anasoma "Beni" na kumpigia mama yake wa Mulekera akilia. Tumezitenga: Beni mji, Beni wilaya, na chini ya wilaya tumeweka Oicha, Mbau, Eringeti, Mangina, Kamango, Bulongo na Mutwanga. Butembo imekaa peke yake, na Lubero imepata nafasi yake kwa ajili ya wageni wetu wa kusini. Anwani za kurasa nazo zinasomeka: zina jina la mahali na tarehe, si namba za fumbo. Hata kabla ya kubonyeza, mtu anaona kiungo ni cha wapi na cha lini.

Skripti hatukuitupa. Tumebaki na mbili, na zote ni fupi. Ya kwanza ni kisanduku cha kuchagua mahali: unakigusa, majina yanashuka, unachagua Oicha, unafika Oicha. Lakini si kila simu inafuata skripti. Opera Mini, ambayo wengi wanaitumia kwa kuokoa mega, inaufungua ukurasa kwanza kwenye mashine zake za mbali, inaupunguza, kisha inatuma kilichobaki, na skripti inapewa nafasi ndogo ya kufanya kazi. Kwa sababu hiyo majina yaleyale yako pia chini ya kisanduku, kama viungo vya kawaida. Skripti ikikataa, mtu anashuka kidogo na kubonyeza. Skripti ni msaada tu, njia yenyewe lazima ipitike bila yake.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Inasoma tarehe ya habari, inahesabu siku, na zikipita saba inaandika kwa maneno makubwa: "Habari hii ina siku kadhaa. Hali inaweza kuwa imebadilika. Uliza kabla ya kusafiri." Idadi ya siku inaonekana hapo. Ni skripti ndugu wa ile ya zamani iliyoonyesha tarehe ya leo, inatumia saa ileile ya simu, lakini inasema kinyume chake. Nayo tumeiwekea mpaka. Simu nyingi za bei ndogo, betri ikitolewa, saa yake inarudi miaka ya nyuma. Hapo hesabu inatoka ya ajabu, chini ya sifuri. Ikiwa hivyo skripti inanyamaza, na tarehe iliyoandikwa kwa mkono inabaki kusema peke yake.

Palikuwa na jambo moja tulilojadiliana kwa muda mrefu, nalo ni majina ya watu. Wahami wengi waliomba ukurasa wenye majina: fulani wa kijiji fulani sasa yuko kwa nani, katika kata gani. Kutengeneza orodha ya namna hiyo ni rahisi, hata kuiwekea kisanduku cha kutafutia. Tumekataa. Ukurasa wa intaneti unasomwa na kila mtu, pamoja na yule unayemkimbia. Tangazo la redio linapita hewani na kwisha, lakini ukurasa unabaki, unanakiliwa, na unamwonyesha mtu mbaya mlango wa kubisha. Kwa hiyo kwenye ukurasa unatembea kwa jina la mahali, si kwa jina la mtu. Anayemtafuta ndugu yake tunamwelekeza kwa Msalaba Mwekundu, wenye kazi hiyo na wenye watu waliofundishwa kutunza siri. Wengine walituona wagumu. Nafikiri bado tuko upande ulio salama.

Ikabaki swali la kurasa za zamani. Rafiki mmoja alisema tuzifute zote. Lakini viungo vyake bado vinazunguka kwenye makundi, na kiungo kinachofunguka bila kitu hakimzuii mtu kuamini kichwa cha habari alichokwisha kusoma. Tena kuna habari ambazo zimehifadhiwa ndani ya simu za watu. Nakumbuka Desemba 31, 2018, intaneti ilipofungwa nchi nzima baada ya uchaguzi, ule ambao sisi wa Beni na Butembo tuliahirishiwa. Ilikaa karibu majuma matatu. Siku zile watu walipeana kurasa walizokwisha kuzihifadhi, simu kwa simu. Ukurasa uliotoka mkononi mwako huwezi kuurudisha. Tulichofanya ni kuzipitia kurasa za zamani zilizo kwetu, moja baada ya nyingine, kwa miezi, na kuziandikia kadi: tarehe yake ya kweli, mahali, na neno "Habari ya zamani". Anwani hatukuzigusa. Atakayefungua kiungo cha miaka iliyopita atafika palepale, ila sasa ataona amefika wapi.

Vijana wa redio ndogo za Oicha, Kasindi na Lubero wananiuliza waanzie wapi. Nawaambia wafanye majaribio matatu, hayahitaji fundi. Tuma kiungo cha habari moja kwa mtu asiyejua lolote, muulize: ni ya nani, ya wapi, ya lini? Akishindwa moja, ukurasa hauna kadi. Kisha zima skripti kwenye simu yako, au tumia simu ya bei ndogo kuliko zote, uone kama bado unafika kila mahali. Mwisho, bonyeza "nyuma" mara moja. Ukirudi ulipotoka, njia ni nzuri. Kwenye fremu, "nyuma" ilikuwa inarudisha kioo kimoja huku vingine vimebaki, na msomaji alipotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nanyi wasikilizaji wetu, na hasa familia zilizo kambini na kwa wenyeji, nawaomba mambo machache. Ukipokea habari ya kijiji chako, kabla ya kuituma kwa mwingine, tafuta tarehe. Kama haina, usiipitishe, tuulizeni kwanza. Kama tarehe ipo na imepita juma moja, mpigie mtu aliye karibu na mahali hapo. Usipange safari kwa ukurasa peke yake, hata uwe wetu. Sikilizeni redio asubuhi, kwa sababu tunachosema asubuhi ni cha asubuhi hiyo.

Swali la "ni ya lini" bado linatufikia, ingawa si kama zamani, na ninafurahi kila linapofika. Mtu anayeuliza tarehe bado hajafunga mizigo. Ulizeni tu, hata usiku. Ukikuta ukurasa wetu wowote bila tarehe, tupigie picha, ututumie. Tutautafuta mpaka tuupate, na tutauandikia kadi yake.